Utafiti mdogo unaanzia kwenye kitabu namba 6: mwongozo kwa mhudumu wa afya

Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya mkoani Tabora, upande wa wakulima wa tumbaku na warina asali. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kliniki ya wajawazito. Jioni moja, kina mama wakiwa wameshaondoka, nilikuwa najumlisha taarifa ya mwezi kutoka kitabu namba 6 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), ambacho ndicho rejista ya wajawazito, mstari mmoja ukanikamata. Mama wa mimba ya tatu, hudhurio la kwanza wingi wa damu gramu 8.2, kapewa vidonge vya kuongeza damu. Akarudi mara ya pili, ya tatu, ya nne. Wingi wa damu: wazi, wazi, wazi. Nikapanda mistari kumi juu, nikashuka kumi chini. Nafasi zilizoachwa wazi zilikuwa nyingi kuliko nilivyotegemea, na mwandiko wa baadhi ya mistari hiyo ulikuwa wangu.

Hapo ndipo utafiti wangu wa kwanza nje ya chuo ulipoanzia. Sikuwa na mfadhili wala msaidizi, na kompyuta ilikuwa moja ya kituo, ambayo mchana hutumika kwa kazi nyingine. Mwongozo huu ni kwa muuguzi, tabibu, mteknolojia wa maabara au mfamasia aliye katika hali kama hiyo. Nimeuandika kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenipa mimi wakati ule.

Hatua ya 1: Andika kinachokusumbua, kwa wiki mbili

Nunua daftari dogo linaloingia mfuko wa sare. Kila unapojisema moyoni "mbona hili linajirudia?", liandike hapo hapo, pamoja na tarehe. Mtoto wa homa amerudi mara ya tatu ndani ya mwezi. Mama amefika wodi ya wazazi njia ikiwa imeshafunguka yote. Majibu ya maabara yamekuja mgonjwa ameshaondoka. Usichuje wala usitafute swali la kitaalamu. Andika tu.

Wengi wetu tunaruka hatua hii kwa sababu tunaamini maswali ya utafiti yanatoka vyuo vikuu. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago kule Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Muda si mrefu, alipokwenda Jinja, akaona mtoto mwingine wa namna ile ile. Mtoto wa kwanza angeweza kumwacha awe kisa cha ajabu, lakini wa pili alimfanya aanze kuuliza. Alirudi kwenye mafaili ya hospitali, akatuma karatasi zenye picha kwa hospitali nyingine akiwauliza wenzake kama wameona uvimbe huo, na mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakapanda gari kuukuu, wakazunguka hospitali moja baada ya nyingine kutoka Kampala kuelekea kusini mwa Afrika. Saratani ile leo inabeba jina lake. Yote yalianza kwa mtu wa zamu aliyeona jambo likijirudia, akaliandika.

Baada ya wiki mbili lisome daftari lako. Lililotokea mara tano lina nafasi kubwa ya kuwa swali kuliko lililokukasirisha mara moja.

Hatua ya 2: Kata swali mpaka liingie kwenye kitabu ulichonacho

Kaa kwenye hatua hii muda mrefu kuliko nyingine zote. Mimi nilikaa mwezi mzima.

Swali langu la kwanza lilikuwa hili: "Kwa nini wajawazito wa Tabora wana upungufu wa damu?" Linasikika vizuri kwenye kikao, ila mtu mmoja mwenye zamu za usiku hawezi kulijibu. Ndani yake kuna malaria, minyoo, chakula, mimba za karibu karibu, selimundu, vidonge visivyomezwa. Kila kimoja ni utafiti wake. Tena "wajawazito wa Tabora" ni wa Igunga, Nzega, Uyui, Urambo, Kaliua, Sikonge na Manispaa, na mimi ninaowaona ni wanaopita kwenye mlango mmoja.

Nikalikata: "Kwa nini wajawazito wa kituo chetu hawapimwi damu mara ya pili?" Bado limekaa vibaya, kwa sababu linauliza sababu kabla ya kujua kama jambo lenyewe lipo na kwa ukubwa gani. Hesabu kwanza, sababu utaziuliza baadaye.

Nikalikata tena, nikihakikisha linataja vitu vinne: ni nani, ni kitu gani kinapimwa, ni wapi, na ni kuanzia lini mpaka lini. Likabaki hivi:

"Kati ya wajawazito walioanza kliniki kituoni kwetu kuanzia Julai hadi Desemba mwaka jana wakiwa na wingi wa damu chini ya gramu 11 kwa desilita, wangapi walipimwa tena angalau mara moja kabla ya kujifungua?"

Tazama maneno "mwaka jana". Nilipoandika rasimu ya kwanza niliweka miezi mitatu iliyokuwa imetoka kupita, na hilo lilikuwa kosa, maana wengi wa kina mama wale walikuwa bado wana mimba. Ukiwahesabu kama "hawakupimwa tena" unawaonea, wanaweza kupimwa wiki ijayo. Chagua kipindi ambacho hadithi ya kila mgonjwa imeshafika mwisho.

Ukishapata swali, lipitishe kwenye mtihani huu. Jibu likija tisini kwa mia, utafanya nini Jumatatu? Likija ishirini kwa mia, utafanya nini? Kama utafanya kitu kile kile kwa majibu yote mawili, liache, rudi kwenye daftari. Muda wako ni mchache na wa wagonjwa pia.

Hatua ya 3: Tafuta kama kuna aliyekutangulia

Jioni mbili au tatu zinatosha. PubMed, hazina ya makala za tiba mtandaoni, inafunguka bure hata kwenye simu, na muhtasari wa makala nyingi unasomeka bila malipo. Mpango wa Research4Life unawezesha taasisi za nchi kama yetu kusoma majarida ya kulipia, hivyo kama una rafiki chuoni au hospitali ya rufaa, muulize mkutubi wao. Soma makala tatu nne zinazokaribiana na swali lako, na ukisoma angalia zaidi namna walivyopima kuliko walichopata. Halafu chukua mwongozo wa wizara unaotumika kwenye kliniki yako, uandike pembeni unasema huduma hiyo itolewe lini na mara ngapi. Huo ndio utakaopimia kazi yenu. Usipime kwa kumbukumbu ya ulichofundishwa miaka kumi iliyopita, miongozo inabadilika.

Hatua ya 4: Jua unachofanya kinaitwaje, ndipo ujue kibali cha nani

Kama unahesabu huduma yenu wenyewe ukiilinganisha na mwongozo, ili muirekebishe hapo hapo kituoni, huo ni ukaguzi wa huduma. Unakaa vizuri kabisa ndani ya timu ya uboreshaji, ile ile tunayofanya nayo kazi za 5S-Kaizen, mbinu ya Kijapani ya kupanga na kuboresha mahali pa kazi. Unahitaji ruhusa ya mganga mfawidhi na Mganga Mkuu wa Halmashauri awe na habari kwa maandishi.

Ukitaka kupata jibu litakalosemwa nje ya kituo, kuhoji wagonjwa kwa dodoso ambalo si sehemu ya matibabu yao, kuchukua sampuli, kulinganisha dawa, au kuchapisha kwenye jarida, huo ni utafiti, na utafiti wa afya Tanzania unapita kwenye kamati ya maadili. Kamati ya taifa iko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa Sheria namba 23 ya mwaka 1979. Walioko vyuoni huanzia kwenye kamati za vyuo vyao. Sisi wa Tabora tuna bahati kwamba NIMR ina kituo chake mjini hapa. Nenda na ukurasa wako mmoja, uliza kabla hujaanza. Nilikwenda nikiwa na hofu ya kuonekana sijui, nikakuta watu walionieleza kwa utaratibu kipi kinahitaji kibali na kipi hakihitaji.

Na kama huna uhakika uko upande gani, uliza. Usijipe jibu jepesi mwenyewe. Kibali hakitolewi kwa kazi iliyokwisha kufanyika, na majarida mengi hayatapokea makala isiyo na namba ya kibali.

Barua ya kibali ikija, isome hadi mwisho. Kibali kina muda wake, kwa kawaida mwaka mmoja, kinadai taarifa ya maendeleo kila miezi sita, na matokeo hayachapishwi bila ruhusa. Kisha kuna barua za kushuka ngazi, mkoa, halmashauri, hadi mganga mfawidhi. Zihesabie miezi kwenye mpango wako, na andiko la utafiti liandike kabla ya kuomba kibali, maana ndilo kamati inalolipitia. Kurasa tano zinatosha kwa kazi ndogo: tatizo, swali, namna utakavyokusanya, utakavyolinda siri, ratiba na gharama. Gharama ziandike hata kama ni karatasi na vocha. Usipoziandika zitatoka mfukoni kwako kimya kimya, na utakata tamaa katikati.

Hatua ya 5: Kila neno lipewe maana moja, iandikwe

Zamani, nikiwa kituo kingine, mimi na mwenzangu tulijaribu kupima muda ambao wagonjwa wa nje wanasubiri. Tulikuwa na ari, tukagawana siku. Yeye alianza kuhesabu mgonjwa anapoketi kwenye benchi. Mimi nilianza anapoandikwa kitabuni, jambo ambalo kwa siku zenye watu wengi linaweza kuchelewa kwa saa nzima. Hatukuwa tumekubaliana mwanzo wa "kusubiri" ni upi, kila mmoja aliona ni jambo linalojulikana. Miezi miwili baadaye tuliunganisha karatasi zetu na hazikuunganika. Kazi yote ikatupwa. Nilichoumia nacho zaidi ni wale wagonjwa tuliowasimamisha kuwauliza saa, wakatujibu kwa upole wakiwa na homa.

Kwa hiyo chukua karatasi moja, iite karatasi ya maana, na kila neno la swali lako lielezwe humo. Yangu ilikuwa na mistari kama hii. "Hudhurio la kwanza" ni tarehe ya kwanza mama kuandikwa kwenye kitabu namba 6 cha kituo chetu kwa mimba hii. "Upungufu wa damu" ni chini ya 11, kwa hiyo 11 kamili si upungufu. "Kupimwa tena" ni kuwapo namba ya wingi wa damu yenye tarehe, ama kwenye kitabu namba 6 ama kwenye rejista ya maabara. Weupe wa macho na viganja ulioandikwa na mkunga hauhesabiki hapa. Mama aliyehamia kwetu akiwa na kadi ya kituo kingine hahesabiki. Aliyepewa rufaa kwenda Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, akajifungulia huko anahesabika, kwa kuwa alikuwa mikononi mwetu kabla.

Kuna mama mmoja utamkuta ambaye hakupimwa kabisa hudhurio la kwanza. Swali langu halimhusu, maana sijui kama alikuwa na upungufu. Lakini usimrushe kimya. Mtie alama, mhesabu pembeni. Wakiwa wengi, wao wenyewe ni jibu ambalo hukulitafuta.

Hatua ya 6: Wangapi wanatosha, na wa msimu gani

Kama kituo chako ni kidogo, wahesabu wote walioingia kwenye kipindi ulichochagua. Huna haja ya kanuni yoyote.

Kama ni wengi mno, utachagua sampuli. Kanuni inayotumika sana kwa swali la "wangapi kati ya wote" ni hii: 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95) zidisha kwa yenyewe, zidisha kwa uwiano unaoutegemea, zidisha kwa moja kutoa uwiano huo, kisha gawanya kwa kosa unalolikubali likiwa limezidishwa kwa lenyewe. Usipojua uwiano wa kutegemea weka 0.5, itakupa idadi kubwa kuliko zote na hivyo ya usalama. Ukikubali jibu lako liweze kupotoka kwa asilimia 5 juu au chini, unahitaji watu 385. Ukikubali asilimia 10, unahitaji 97. Kwa kituo cha afya kinachotaka kujua kama tatizo ni dogo au kubwa, 97 inatosha, na ni bora ukahesabu 97 vizuri kuliko 385 ukiwa umesinzia.

Wachague kwa mpangilio usio na upendeleo. Wenye upungufu wakiwa 600 nawe unahitaji 100, ni mmoja katika kila sita. Andika namba 1 hadi 6 kwenye vikaratasi, vikunje, mwenzako aokote kimoja, huyo ndiye wa kuanzia. Halafu kila wa sita. Ukikutana na mstari wenye mwandiko mbaya usimruke ukachukua wa jirani. Msome kwa taabu hiyo hiyo.

Msimu nao unabadilisha jibu. Huku kwetu mvua huanza karibu na Novemba, tumbaku ikatoka kitaluni kwenda shambani, na familia nyingi zinahamia kambi za porini. Kuanzia Februari ni kuchuma na kukausha kwenye mabani, mama anakaa na moto usiku. Kliniki hupungua watu, na wale wanaokosekana ndio hasa wanaoishi mbali na wenye kazi nzito. Ukikusanya taarifa za Machi peke yake, unaowaona ni wale wa karibu na barabara. Ukikusanya za Agosti, tumbaku ikiwa imeuzwa, picha ni nyingine. Ndiyo maana nilichukua miezi sita inayogusa kiangazi na masika. Kigoma watakuwa na sababu zao, kama miezi ya uvuvi ziwani. Fikiria kwenu ni nini kinachohamisha watu.

Hatua ya 7: Fomu fupi, isiyo na majina

Fomu yangu ilikuwa na maswali manane na iliingia kwenye nusu karatasi. Namba ya utafiti, mwezi wa kuanza, umri, mimba ya ngapi, umri wa mimba kwa wiki, damu ya kwanza, damu ya pili na tarehe yake, idadi ya mahudhurio. Kila nilipotaka kuongeza swali la tisa nilijiuliza litaingia kwenye jedwali gani la mwisho. Likikosa jedwali, halikuingia.

Jina la mama halimo, wala la mume, kitongoji au simu. Namba ya utafiti inaunganishwa na namba ya kitabu kwenye karatasi moja tu, ya ufunguo, iliyofungiwa kabatini kwa mganga mfawidhi, na kazi ikiisha inaharibiwa. Usipige picha kurasa za kitabu kwa simu yako. Picha zinapanda zenyewe kwenye akaunti, simu inaazimwa, inaibiwa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya za mtu zinalindwa kisheria, na hata bila sheria, mama yule alitupa siri yake ili atibiwe.

Ijaribu fomu kwa mistari kumi kabla ya kuanza kazi kamili. Nami nilijaribu, na mstari wa nne ukanionyesha kwamba umri wa mimba wengine wanauandika kwa wiki na wengine kwa miezi. Kisha mpe mwenzako mistari ile ile kumi aijaze bila kuona yako. Mkitofautiana zaidi ya sehemu moja mbili, rudini kwenye karatasi ya maana.

Kukusanya kwenyewe kulinichukua saa moja kila siku baada ya kliniki. Rula juu ya mstari, kitabu kushoto, rejista ya maabara kulia, penseli. Kitabu kimoja kilikuwa kimelowa mvua pembeni na wino umesambaa, nilikuwa nakisogeza dirishani kupata mwanga. Epi Info ni programu ya bure, KoboToolbox nayo inaweza kutumika kukusanya kwa simu, lakini kwa watu mia moja karatasi na Excel vinatosha.

Hatua ya 8: Kama utahoji watu, ridhaa ni ya kwao

Baada ya kuhesabu nilitaka kujua sababu. Hiyo ilikuwa kazi mpya, yenye kibali chake, na maswali mafupi kwa kina mama wenyewe.

Aliingia binti wa mimba ya kwanza, na mama mkwe wake nyuma yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwulize tu, nesi, huyu hana neno."

Binti akatikisa kichwa kukubali hata sijaeleza. Nikamwomba mama mkwe, kwa heshima, atusubiri kivulini chini ya mwembe. Nikamweleza binti tena, pole pole, kwamba haya si matibabu, na anaweza kukataa. Alikaa kimya, akikunja na kukunjua kadi yake ya kliniki. Kisha akauliza, "Nikikataa, vidonge nitapata?"

Swali hilo ndilo kipimo. Kichwa kile kilichotikiswa mwanzo hakikuwa ridhaa, kilikuwa hofu ya kukosa huduma. Nikampa vidonge vyake kwanza, mkononi, ndipo nikauliza tena. Tangu siku hiyo huo ndio mpangilio wangu: huduma itangulie ikamilike, maswali yafuate. Na kama inawezekana, anayehoji asiwe yule yule anayetoa dawa. Kwa wasioelewa Kiswahili vizuri, mtafute anayezungumza Kinyamwezi, Kisukuma au Kiha ambaye si ndugu wa mgonjwa.

Kule Alabama, Marekani, kati ya mwaka 1932 na 1972, wanaume weusi mamia wenye kaswende waliangaliwa tu ili ijulikane ugonjwa utawafikisha wapi. Hawakuambiwa ukweli, na penisilini ilipokuja hawakupewa. Aliyekuwa akiwafuata na kuwarudisha kliniki kwa miaka ile yote alikuwa muuguzi waliyemwamini. Nimelisoma hilo mara nyingi. Imani tunayopewa ni kubwa kiasi hicho.

Hatua ya 9: Hesabu, na usiseme zaidi ya namba

Kwenye Excel, kila mama mstari mmoja, kila swali safu moja. Palipo wazi pabaki wazi, usiandike sifuri, maana wingi wa damu sifuri ni kitu kingine. Kabla ya kujumlisha panga kila safu kutoka ndogo hadi kubwa uangalie ncha zake. Utakuta damu ya gramu 82 ambayo nukta imesahaulika, na mama wa miaka 3.

Tuseme kati ya mia uliowachagua, 40 walipimwa tena. Sema asilimia 40, lakini ongeza kwamba kwa sampuli ya mia jibu la kituo kizima linaweza kuwa popote kati ya 30 na 50. Maana yake, ukirudia mwakani ukapata 45, usishangilie bado.

Sema pia kinachoweza kuwa kimepotosha. Kwangu lilikuwa hili: kadi inatembea na mama, kitabu kinabaki. Mama aliyekwenda kambini huenda alipimwa zahanati ya huko, kadi yake inaonyesha, kitabu chetu kiko wazi. Hivyo namba yangu ni ya kilichoandikwa kwetu, na niliandika hivyo hivyo. Nilitazama pia leja ya stoo nikaweka tarehe ambazo vifaa vya kupimia damu viliisha karibu na tarehe za mahudhurio. Siku vifaa vilipokuwa vimeisha zilieleza sehemu ya zile nafasi wazi. Sehemu nyingine vifaa vilikuwapo, sisi ndio hatukuagiza kipimo.

Hatua ya 10: Rudisha jibu lilikotoka, kabla ya kulipeleka kwingine

Iliwahi kuja timu moja kituoni, ikakaa wiki tatu ikihoji wagonjwa wetu na sisi wenyewe. Hatujapata hata ukurasa mmoja wa walichokuta. Usimfanyie hivyo mwenzako wa zamu. Wa kwanza kuona matokeo wawe waliojaza kile kitabu, na waone namba ya kituo, asionekane mtu. Mimi nilianza kwa kusema wazi kwamba mistari mingine ni ya mkono wangu, na kikao kikatulia. Mteknolojia wetu wa maabara ndiye aliyetoa wazo tulilolichukua: kila mama mwenye damu chini ya 11 awekewe pembetatu nyekundu mwanzoni mwa mstari wake kitabuni na kwenye kadi, na tarehe ya kupimwa tena iandikwe siku hiyo hiyo, mbele yake, aijue.

Nakala ya kurasa mbili peleka kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri na kwa mratibu wa huduma za mama na mtoto. Kama kibali chako kinaruhusu kuchapisha, jarida la NIMR linachukua kazi za hapa nyumbani, nawe utafute mwenye uzoefu wa kuandika awe mwenzako, jina lake na lako yakubaliwe mapema.

Kabla hamjatoka kwenye kikao hicho cha kwanza, chagueni tarehe ya kuhesabu tena kwa fomu ile ile na karatasi ya maana ile ile. Yetu tuliiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya chumba cha sindano, na chini yake jina la atakayeshika rula.